Vidole Vyangu Nitavitazama

Jumatatu, 7 Machi 1966
Homa Bay. Barua za wakulima wa pamba tangu asubuhi. Kisha Bwana Ogutu, karani mkuu, akanisimamia mezani. Kesho nahamia ofisi yetu ya Migori. Ijumaa mtihani wa taipu, hukohuko. Nikipita, naajiriwa kabisa. Nikianguka, majaribio yamekwisha, narudi nyumbani, kisiwani Takawiri, kuanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Omena haina ubaya. Ubaya ni kurudishwa.
Nikamwambia sina wasiwasi, mashine ni mashine. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 8 Machi
Suna, hapa Migori. Mvua, matope. Mashine ya huku ni ya kampuni nyingine, na aliyeiunda sijui alikuwa amemkasirikia nani. Ya Homa Bay haina tarakimu ya moja, unapiga herufi l. Hii inayo. Ile, mkono wa kurudishia mstari uko kushoto. Hii uko kulia. Nikashika hewa. Boke akacheka.
Boke ni Mkuria, ndiye mpiga taipu wa hapa. Anakwenda kwao kujifungua na kiti chake ndicho ninachokitafuta. Anapiga kwa vidole viwili, macho chini, na kazi inaisha. Sipendi kuchekwa.

Jumatano, 9 Machi
Siku mbaya. Kitufe cha pembeni, kule kinafunga herufi kubwa, huku kinarusha karatasi katikati ya mstari. Kengele ya mwisho wa mstari, kule inakuonya mapema. Huku inalia ukiwa umeshafika ukutani. Nimeharibu karatasi mpaka kapu likajaa.
Boke akasema, "Dada, si utazame tu?"
Misheni, nilikojifunza taipu, tulifunikwa mikono kwa kitambaa. Ukichungulia, rula. Anayetazama vidole ni mwanafunzi, na mimi nilishatoka huko. Nimepiga bila kutazama mpaka jioni, makosa kila mstari. Nimelia chooni. Hasira, si huzuni.

Alhamisi, 10 Machi
Nimemwomba Boke anifundishe mashine yake. Imeniuma kuomba. Hakuringa hata kidogo. Kengele usiisubiri, alisema, tazama ukingo wa karatasi. Kitufe kile usikiguse kabisa.
Nimeelewa yote. Vidole ndivyo havielewi. Nikiinua macho tu, vinarudi Homa Bay. Basi, kesho nitavitazama. Atakayesema na aseme.

Ijumaa, 11 Machi
Mkaguzi ametoka Kisumu, mzee wa tai na miwani. Bwana Ogutu kaja naye. Sijaanza hata aya ya pili, mzee akasema:
"Macho juu, binti. Mpiga taipu hatazami mikono."
Nikaendelea. Akarudia, kwa sauti. Nikaacha kupiga.
"Mzee, mkitaka nitazame juu, nileteeni ile mashine niliyozoea. Kwa hii nitatazama."
Bwana Ogutu akakohoa. Boke alikuwa mlangoni na tumbo lake, hakucheka. Nikainama tena, mstari kwa mstari, shingo ikiuma, hadi mwisho.
Akapitisha kalamu kwenye karatasi akitafuta kosa. Hakupata. Akaandika kwamba natazama vidole, na kwa hiyo naanza cheo cha chini.
"Nimeajiriwa au sijaajiriwa?"
"Umeajiriwa. Cheo cha chini."
Nikasema asante. Sijuti. Na hicho cheo cha juu nitakidai, aje na mashine yoyote anayotaka.

Jumapili, 13 Machi
Kanisani asubuhi. Nimefua. Boke alileta ndizi, tukala bila maneno mengi, miguu yake imevimba akaiweka juu ya kitanda changu. Kuna mama anayeuza samaki hapa Suna, kesho anasafiri kwenda visiwani kwetu. Nimempa salamu ampelekee mama yangu. Amwambie sirudi. Amwambie akipata nafasi aje, chumba ni kidogo lakini tutalala wote.