Matatag au Mahigpit

Hong Kong, 3 Machi 1996

Mwanangu Luningning,

Hamjambo hapo Lucban? Kikohozi cha Lola, nyanya yako, kimepoa? Mimi mzima, ila usingizi sipati. Mkataba wangu wa kulea mtoto hapa unakwisha Aprili, na nimemsikia bibi mwenye nyumba akimwambia wakala kwa simu kwamba mimi ni “firm” kwa mtoto wao. Wewe Kiingereza unakiweza. Hiyo ni sifa au lawama? Kumuuliza mwenyewe naona haya. Tangu siku hiyo kila kitu namwitikia mtoto ndiyo, ndiyo.

Mama yako

Lucban, 12 Machi

Inay mpendwa,

Nauweka mkono wako kwenye paji langu unibariki, ingawa uko mbali. Lola hakohoi tena. Sasa anagombana na jogoo wa jirani. Mwalimu ametukataza kutafsiri neno lililo peke yake. Godoro likiitwa hivyo, kwa lugha yetu ni matigas, gumu. Mlezi aweza kuwa mahigpit, mkali wa kubana watu, au matatag, asiyeyumba. Lola kasema, “We mtoto, andika lile zuri, mama yako alale!” Siwezi. Siku hiyo ulikuwa umefanya nini? Bibi alisema kwa sauti gani? Natamani sana urudi, Inay, kwa hiyo usiniamini nikichagua peke yangu.

Mwanao, Luningning

Lucban, 2 Aprili

Inay,

U mzima? Tarishi amepita tena bila kusimama. Labda nilikosea kukuuliza. Lakini tafadhali, usimwitikie mtoto kila kitu kwa ajili ya neno ambalo hatujalijua.

Mwanao

Hong Kong, 14 Aprili

Luningning,

Pokea baraka zangu. Siku ile nilikuwa nimemzuia mtoto asikimbilie barabarani. Juzi akachomoka tena, palepale. Nikamdaka, akapiga mayowe mbele ya mama yake. Nikasema, “Samahani, bibi, hapa simwachii hata akilia. Kama ndiyo ubaya wangu, niambie.” Akasema, “Ubaya? Ndiyo maana naweza kwenda kazini.”

Ni matatag, mwanangu. Nimetia saini miaka miwili. Nisamehe.

Mama yako

Lucban, 25 Aprili

Inay mpendwa,

Sote wazima. Nimemsomea Lola barua yako, akapiga makofi. Kisha akaniuliza, “Na wewe je?” Nikamjibu, “Matatag, Lola.” Akaniangalia usoni, akanisogezea bakuli lake la uji wa chokoleti, akasema, “Haya, kula kwanza. Neno lako tutalitafuta baadaye.”

Mwanao, Luningning