Bega la Baba Mkwe

Jumapili, mwezi wa sita. Ruhuwiko, hapa Songea, leo kuna baridi ya kuvaa soksi ndani ya nyumba, na mimi nimevaa jozi mbili. Nimerudi jioni hii kutoka kijijini kwa wakwe zangu, upande wa Hanga, na begi bado liko mlangoni halijafunguliwa. Nimekaa mezani na chai ya tangawizi. Nisipoandika leo, kufikia Jumatano nitakuwa nimeongeza chumvi.

Leo najivunia. Naandika hivyo hivyo bila kujizungusha.

Mnaopita humu mara kwa mara mnaijua kazi yangu. Mimi ni mkandaji, nachua watu. Nilisomea masaji Dar es Salaam, nikarudi Songea, nikafungua chumba kimoja mbele ya nyumba yetu. Kuna kitanda kirefu chenye tundu la kuwekea uso, mashuka meupe ninayoyafua mwenyewe, mafuta ya ufuta na ya nazi, na sufuria ya kupashia mawe. Nje kuna bango lililoandikwa "Huduma za Afya ya Mwili." Kwa sababu ya bango hilo watu wameingia kwangu wakitaka kupimwa presha. Mama mmoja alitaka miwani.

Bango limeandikwa hivyo kwa ajili ya baba mkwe. Nilipofungua chumba, alimtuma mume wangu aniambie mambo mawili: neno masaji lisionekane barabarani, na jina la ukoo wake lisikae karibu nalo. Alikuwa amesikia habari za mjini, vyumba vyenye mapazia mazito na taa hafifu, akaniweka mle mle. Sikubishana. Kijijini akiulizwa mkamwana wake anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko kwenye mambo ya afya," kisha akauliza habari za mbolea.

Iliniuma. Mbele za watu nilicheka, lakini iliniuma.

Iliniuma kwa sababu najua kinachotokea ndani ya chumba kile. Kuna mwalimu mstaafu ambaye halali vizuri tangu amzike mkewe. Yeye nampa masaji ya Kiswidi, ile ya mipapaso mirefu na laini inayotembea mgongo mzima bila haraka. Dakika ya ishirini anakoroma, na akiamka ananiomba radhi kana kwamba amenikosea adabu. Kuna fundi cherehani ambaye shingo na mabega yake yamekuwa ubao kwa kuinamia mashine. Huyo laini haimsaidii, anahitaji ile ya kina, ya kiwiko na kidole gumba, polepole mpaka fundo lililojificha chini ya misuli likubali kuachia. Hutoka akilalamika, na kesho yake hutuma ujumbe kwamba ameweza kugeuza shingo kutazama nyuma.

Wajawazito nawalaza ubavu, mito miwili, siwagusi bila ruhusa ya kliniki. Miguu yao ikivimba, kuichua taratibu kuelekea juu kunawapa nafuu. Vijana wa mpira wa Jumamosi wanataka kuchuliwa mapaja kabla ya mechi ili yapate moto, na baada ya mechi ili yasikaze. Mawe ya moto wanayaomba wengi mwezi kama huu, na sitadanganya, nusu yao wanafuata joto tu. Nawapa. Joto nalo ni tiba ya mtu aliyeshinda na baridi mifupani.

Sisemi naponya kila kitu. Mtu akija na uvimbe wa mguu mmoja, au homa, au ganzi ya ghafla, namwelekeza hospitali na mafuta sifungui. Hilo nalo ni sehemu ya ufundi.

Basi, bega.

Mwaka jana, mwisho wa msimu wa tumbaku, baba mkwe aliteleza kwenye ngazi ndani ya bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku, akaangukia bega la kulia. Hospitali walipiga picha wakakuta mfupa mzima. Walimwambia aupumzishe mkono siku chache, kisha aanze kuusogeza kidogo kidogo. Yeye alisikia nusu ya kwanza. Aliufunga kwa kanga ya mama mkwe miezi mitatu, na alipoufungua bega lilikuwa limeganda. Mkono uliishia usawa wa kitovu.

Kwa mtu mwingine ingekuwa taabu ya kuvaa shati. Kwa baba mkwe ilikuwa zaidi ya hapo. Kigango chao hakipati padre kila Jumapili. Asipokuwepo padre, anayeongoza ibada ni katekista, na katekista ni yeye, tangu kabla mimi sijaolewa. Jumapili ya kwanza baada ya kufungua kanga alisimama mbele akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Watoto wa benchi la mbele wakacheka. Hakuwakemea. Wiki iliyofuata alimwachia mzee mwingine aongoze, akaenda kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na akabaki huko.

Mume wangu aliponisimulia nilitazama mikono yangu.

Maana kwenye ukoo huu mkamwana hamgusi baba mkwe wake. Nikifika kijijini napiga magoti mbali, nasema, "Shikamoo, baba," na marahaba yake inanifikia ikiwa imepita juu ya kichwa changu. Simpi mkono. Sahani yake naiweka kwa mama mkwe, naye ndiye anayeifikisha. Hata maneno yake mengi kwangu hupitia kwa mume wangu hata kama nimesimama hapo hapo. Sijawahi kuiona heshima hii kama mzigo. Lakini mwezi wa pili, nilipomwona akihangaika kufunga kifungo cha shingo kwa mkono mmoja, niliihisi.

Nilimwambia mume wangu, "Bega lile linataka kuchuliwa."

"Na nani?"

Tulimrudisha hospitali kwanza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akampa mazoezi ya kufanya nyumbani, na nilipomuuliza akasema kuchuliwa kwa upole kabla ya mazoezi kutasaidia kulegeza. Nikapata wazo. Kama mimi siwezi kumgusa, yupo anayeweza. Nitamfundisha mama mkwe.

Nilimlaza mkekani jikoni kwake, nikamchua bega lake yeye ili aone kwa mwili. Mafuta kidogo ya uvuguvugu, kiganja kizima, mduara mpana kuzunguka bega, kisha vidole pembeni ya bapa la bega, mwisho mkono uinuliwe mpaka pale unapokataa na usilazimishwe. Mama mkwe aliitikia kila kitu. Nikaondoka nimevimba kichwa. Nilijiona mwalimu wa chuo.

Jumatano simu ikalia. Bega limevimba jekundu.

Huyu mama amewakanda wazazi wa kijiji kizima. Mwanamke akijifungua, yeye ndiye anayeitwa na sufuria ya maji ya moto na kitambaa. Mikono yake ina miaka arobaini ya kazi hiyo, na ilipofika kwa mumewe ilikwenda kule inakojua. Alichemsha maji na majani, akachovya kitambaa, akakandamiza bega kwa nguvu zote. Alipomaliza bega akashuka tumboni. Akamaliza kwa kumfunga tumbo kwa kanga, kama anavyofungwa aliyejifungua. Na mzee alikaa kwenye kigoda akavumilia, akidhani ndivyo tunavyofundishwa Dar es Salaam.

Ujumbe wake ulinifikia kupitia kwa mume wangu: "Muulize mwenzio chuo chake ni cha namna gani. Nimekandwa kama nimezaa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaona aibu, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilimwonyesha mama, lakini sikumpa nafasi ya kunionyesha kwamba ameelewa. Mwanafunzi yeyote wa kazi hii humchua mwalimu wake kwanza, nami nililijua hilo. Sikutaka tu kulala chini mbele ya mama mkwe, bega wazi. Niliona haya.

Jumamosi iliyofuata nikarudi. Uvimbe ulikuwa umeisha, ila baba mkwe aliipokea shikamoo yangu kwa kukohoa. Nikamwambia mama mkwe, "Leo wewe ndiye utakayenichua mimi." Akakataa. Akasema, "Mkamwana kulala mbele yangu hivyo, watu watasemaje?" Nikamkumbusha kwamba aliwahi kunikanda siku saba mfululizo nilipomzaa Upendo, na siku hizo sikuwa na cha kuficha. Akacheka, akafunga mlango wa jikoni.

Nililala kifudifudi kwenye mkeka unaonuka moshi na unga wa mahindi. Mikono yake iliposhuka begani nilikumbuka zile siku saba: maji yaliyochoma, mimi nikilia, yeye akiniambia nivumilie, na jinsi mwili uliokuwa umevunjika ulivyoanza kurudi kuwa wangu. Hakuna chuo kilichonifundisha kwamba mikono ya mtu inaweza kukurudisha. Nililijua kabla sijaanza kusoma, kutoka kwake. Na mimi nilikuwa nimekuja kumfundisha kama mtu asiyejua kitu.

Nikamwambia hivyo, uso ukiwa mkekani. Alipunguza nguvu.

"Hivi?"

"Punguza tena, mama."

"Hivi?"

"Hapo hapo."

Tulirudia mpaka jua likashuka. Tangu siku hiyo alimchua mumewe kila asubuhi chumbani, kisha mazoezi ya hospitali, mzee akitambaza vidole ukutani na mama akichora mstari wa mkaa pale vilipofika. Kila jioni alinipigia simu. Hakuwahi kusema "anaendelea vizuri" kama watu wengine. Alisema, "Leo ameshika kidevu." Wiki mbili hakuna jipya. "Leo amekula ugali kwa mkono wake mwenyewe, na dagaa wa Nyasa." Halafu, "Ameshika sikio." Niliandika kila moja nyuma ya kalenda ya jikoni. Baba mkwe mwenyewe hakusema lolote kwangu, si moja kwa moja wala kwa kupitia kwa mtu.

Jana tulikwenda kulala huko. Leo asubuhi tukaenda kanisani, wanaume upande wao, sisi upande wetu. Nilimwona akielekea benchi lake la nyuma, nikatazama mbele nisionekane namchunguza. Kisha nikasikia viatu vyake vikipita katikati ya kanisa. Yule mzee aliyekuwa akiongoza alisogea pembeni bila kuambiwa.

Baba mkwe akasimama, akatugeukia. Mkono wa kulia ukapanda. Ulipanda polepole, ukasita kidogo usawa wa kinywa. Ukafika kwenye paji la uso. Ukashuka kifuani. Ukavuka kwenda bega la kushoto, ambako ndiko kugumu kuliko kote kwa bega lililoganda, kisha ukarudi kulia.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Amina iliyojibu ilikuwa kubwa kuliko kanisa lile. Mama mkwe alinishika mkono chini ya kanga na hakuuachia mpaka somo la kwanza lilipokwisha. Nililia, ndiyo. Nimesema sitajizungusha.

Nje baada ya ibada watu walimzunguka. Mama mmoja wa jumuiya yao, ambaye goti lake linamsumbua siku nyingi, akamuuliza ni dawa gani hiyo na kaipata wapi. Nilikuwa hatua chache pembeni, nimeinamisha macho kama inavyotakiwa. Nikangoja kusikia habari za mbolea.

"Mke wangu ndiye aliyenichua," akasema. "Amefundishwa na mkamwana wetu, huyu wa Songea. Anafanya masaji."

Alilitamka neno lile taratibu, kama mtu anayeonja chakula kigeni na kukuta kina chumvi ya kutosha.

Yule mama akauliza anipate wapi. Baba mkwe akamgeukia mume wangu. Mimi nilikuwa pale pale nasikia kila kitu, lakini heshima ni heshima, akapitisha kwake.

"Mwambie mwenzio bango lake halifai. Hawa watu wakifika Ruhuwiko watamjuaje, kazi yenyewe haijaandikwa, na jina letu halipo?"

Njiani kurudi nilihesabu herufi za bango jipya kwa vidole. Mume wangu aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Sasa chai imepoa na nimeshatoka nje na futi kamba kuupima ubao. MASAJI itakaa juu, jina la ukoo chini yake, yote mawili kwa herufi kubwa. Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, namfuata fundi wa mabango.

Jina lenyewe sitaliandika humu. Pita barabarani ulisome.