Ulimi Niliomwazima Kaka Yako

Nyumba ileile, ghorofa ya pili,
mlango wa kijani.
Jumanne, tarehe 9 Juni

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Za watoto nimeziongeza mara mbili kwa sababu walinisimamia mezani mpaka nikaziandika. Goti lako linaendeleaje? Uliposema kwenye simu kwamba bado unapanda ngazi na makopo ya rangi mkononi, nilichukia. Nenda ukaonwe na daktari. Wapaka rangi wako wengi, shemeji wa masihara ninaye mmoja.

Sisi hatujambo. Cherehani yangu ilikata mkanda, ikatengenezwa. Kifungua mimba wetu amenizidi urefu na sasa ananiita "mfupi wangu", na kitinda mimba ameng'oka meno mawili ya mbele.

Sasa nikujibu ulichoniuliza. Ulisema kaka yako siku hizi akipokea simu anaongea kama karani wa posta, maneno matatu na kwaheri. Hukukosea. Tangu yale mafua makali ya mwezi wa tatu, kaka yako hasikii harufu. Si kidogo, hasikii kabisa. Ulimi wake umebaki kujua chumvi, sukari, uchungu na ukali wa ndimu, basi. Nanasi na embe kwake ni sukari mbili tu. Daktari alisema huenda harufu ikarudi, huenda isirudi, tuvute subira. Kumwambia hivyo mtu aliyechanganya vinywaji kwenye baa ya hoteli miaka kumi na tisa!

Kazini hakumwambia mtu. Unakumbuka desturi yake: kabla glasi haijaondoka mikononi mwake, anachovya mrija, anaziba juu kwa kidole, anadondosha tone moja nyuma ya kiganja, ananusa, analamba. Aliendelea kufanya vilevile, na wateja hawakujua kwamba anaigiza. Vinywaji vya zamani mikono yake inavijua. Tatizo ni vipya.

Mwezi uliopita meneja wa baa, mama mmoja asiye na mchezo, alitangaza kwamba kila mchanganyaji alete kokteli moja mpya ya matunda na jin. Atakayeleta kitu cha maana anabaki kaunta ya mbele. Atakayeshindwa anahamia stoo, akapange kreti. Kaka yako stoo, Shemeji! Mtu anayewachekesha hata wageni wasiojua lugha yake?

Basi Jumapili mchana jikoni kwangu pakawa baa. Nanasi, pasheni, ndimu, majani ya nanaa, barafu kwenye beseni la kufulia. Na mimi, ambaye pombe nilikuwa naifahamu kupitia mashati yake tu, nikawa mwonjaji. Jumapili ya kwanza nilionja kwa kijiko, vijiko vikawa vingi, nikaenda kumalizia gauni la mteja nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia. Kaka yako alicheka mpaka akashika ukuta.

Maneno ya baa sina, kwa hiyo nilimweleza kifundi. Ndimu ikizidi nasema inabana kwapani. Maji yakizidi nasema imelegea kiuno. Jin ikigombana na tunda nasema uzi haukuoana na kitambaa. Naye anaelewa, anaongeza hiki, anapunguza kile. Tulielewana ajabu.

Jumapili ya tatu ndipo nilipoharibu. Alichemsha nanasi na sukari, akachuja, akapata shira chupa nzima. Akapima toti mbili za jin, shira, maji ya pasheni na ndimu, akatikisa kopo lake la kuchanganyia mpaka likafanya ukungu, akamimina. Kwa macho ilipendeza. Nikanywa. Kitunguu saumu! Nanasi alilikatia kwenye ubao niliokatia vitunguu saumu asubuhi ileile. Mtu mwingine yeyote angenusa kabla hata ya kushika kisu.

Nikamtazama. Alikaa kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani, jasho limemtoka puani. Huruma ikanishika. Nikasema, "Hapo hapo, usiongeze kitu. Imekaa kama imepimwa mwilini."

Nilipanga kesho yake niimwage ile shira nisingizie chupa imevunjika. Njia ya mwongo ni fupi: aliwahi zamu ya asubuhi akaondoka nayo nikiwa bado nimelala.

Meneja alionja mara moja, akaweka glasi chini, akamuuliza, "Umeionja mwenyewe hii?" Akajibu ndiyo. Akapewa wiki moja ya mwisho.

Hakurudi na hasira, na hasira ningeiweza. Aliosha kopo lake, akalikausha, ndipo akaniuliza, "Mama watoto, ilikuwaje, kwa kweli?" Nikamwambia. Akasema, "Nilijua pua sina. Nilidhani ulimi ninao, huo wako." Shemeji, tumeoana miaka kumi na saba na sijawahi kusemwa namna hiyo, tena bila sauti kupanda. Nililia sana. Kwa kumwonea huruma nilimwacha aende kuaibika peke yake.

Jumamosi nilinunua nanasi jingine na ubao mpya. Nikamwambia akae kitini aelekeze, mimi nifanye. Alikataa, kisha akakaa. Glasi ya kwanza nikasema, "Mbaya. Hii hata bure sivai." Akashtuka, halafu akatabasamu kidogo. Ya pili nikasema nanaa imefunika kila kitu kama koti la baba kwa mtoto. Kufika ya tano tulikuwa na nanasi lililobabuliwa kidogo kwenye kikaango, pasheni na mbegu zake, nusu ndimu, toti moja na nusu ya jin, na jani moja tu la nanaa lililopigwa kofi viganjani. Nilionja, nikamwambia sina cha kupunguza wala kuongeza. Alinitazama machoni muda mrefu kabla ya kuniamini. Nilistahili.

Jana akaenda. Kabla meneja hajainua glasi, kaka yako akamwambia, "Mimi sisikii harufu, miezi mitatu sasa. Aliyeonja ni mke wangu, fundi cherehani." Mficha uchi hazai. Mama yule akanywa, akanywa tena, akasema kinaingia kwenye orodha. Kaka yako anabaki kaunta ya mbele, ila kwa sharti: kinywaji chochote kipya aonje mwenzake kwanza. Huyo mwenzake ni mtu ambaye kaka yako ndiye aliyemfundisha kazi. Kumuuliza "ikoje?" mbele ya wageni si jambo dogo kwa mtu mwenye fahari yake. Kwa hiyo ukimpigia simu usimpe pole, amezishiba. Mtanie kama zamani.

Nilikiogopa chakula cha jioni. Kwa miezi mitatu hakuna aliyetaja harufu humu ndani. Watoto hawakusema chakula kinanukia, na mimi manukato yangu niliyaficha chini ya vitambaa. Jana alivuta sahani, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Haya, niambieni. Kinanukiaje?"

Tukatazama meza. Kisha kitinda mimba, na mapengo yake, akasema, "Baba, kinanukia moshi. Mama ameunguza."

Kaka yako akaweka kijiko chini, akamshukuru kwa kuinamisha kichwa kama anavyowafanyia wageni wa hoteli, kisha akala chote.

Msalimie mama watoto wako, mabusu kwa mapacha, na Mama Mkwe akifika huko mwambie gauni lake liko tayari, mikono yote iko mahali pake. Mungu akushike mkono kila upandapo ngazi, na akushushe salama.

Ni mimi nikupendaye na kukuombea,
Shemeji yako, Fundi