Mkwe Wangu Ndiye Aliyetuuzia Trekta, na Fundi Hafiki

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana hata mwenyewe nikijisikiliza naona aibu, mama mzima ninayesubiri mjukuu nashindwa kudai haki yangu dukani kwa sababu muuzaji ni mume wa binti yangu.

Mimi na mume wangu ni wakulima, hatuna kazi nyingine, na miaka yote tulilima kwa ng'ombe, mpaka mkwe wetu, ambaye anauza matrekta kwenye duka kubwa pale mjini, alipokuja nyumbani na makaratasi yenye picha, akatukalisha sebuleni akasema, "Baba, mama, ng'ombe mnawalisha mwaka mzima kwa kazi ya msimu mmoja, chukueni trekta dogo mpumzike," na kusema kweli kijana ana maneno matamu, ndiyo yaliyompatia binti yangu, basi tukauza ng'ombe wote wa kulimia, tukaongezea akiba yetu, tukaletewa trekta jipya, dogo, jekundu, na majembe yake ya nyuma yanayozunguka na kusaga udongo, na siku lilipoingia uani nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Nikamshawishi na mwenzangu mmoja wa kikundi chetu cha wakulima, mjane anayelima peke yake, naye akanunua kama letu kwa mkwe wangu huyohuyo.

Mshauri, furaha ile haikufika mbali. Trekta likaanza kuzima. Unalima vizuri kabisa, tairi likipanda tuta kidogo, mume wangu akirushwa kwenye kiti, kimya, injini imekata, anawasha, anasogea kidogo, kimya tena, yaani siku nzima mnapata mistari ya kuhesabu kwa vidole, na mvua hiyo imeshaanza, na ng'ombe ndio hao tumeshawauza. Nikampigia mkwe. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu, trekta lenu linatuua huku. "Aa, mama, hiyo ni swichi tu ya chini ya kiti, imewekwa ili dereva akiinuka mashine isimame, inaonekana yenu imekuja mbovu, wala usijali, fundi anakuja kesho." Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa wiki ijayo, mara fundi ana safari, mara swichi haijafika, mara gari la fundi ni bovu, mpaka nikajiuliza hili ni duka gani la matrekta ambalo lenyewe kila kitu chake ni kibovu.

Nikavaa, nikaenda mjini kugomba. Wallahi nilikwenda kugomba! Lakini nilipoingia tu mkwe wangu aliinuka mbele ya wateja wote, akanipokea mkoba, akaniambia, "Karibu mama mzazi," akanikalisha kwenye kiti cha wageni, akaagiza soda, nami nitagombaje na mtoto aliyeninyenyekea namna ile, na soda iko mkononi? Nikanywa. Akaagiza nyingine. Nikanywa na hiyo. Nilipotoka kutafuta choo nikapita mlango wa gereji yao, nikamkuta fundi mwenyewe, yule aliyelileta trekta nyumbani, amekaa juu ya tairi anakula andazi, hana safari wala nini, akanisalimia akaniuliza trekta letu linaendeleaje. Nikashangaa. Nikamwambia si ndiyo tunakusubiri wewe? Akasema, "Mimi, mama? Sijaambiwa kitu. Hapa hakuna aliyeleta malalamiko yenu."

Nilirudi kwenye kiti. Sikumuuliza mkwe, nilimwangalia tu, naye akaangalia pembeni. Baadaye binti yangu ndiye aliyenipa siri yenyewe, kwamba meneja wao ni mkali sana, mumewe ameshaonywa kwa mashine nyingine iliyorudishwa, na malalamiko mengine yakifika kwa meneja basi kazi hana. Ndiyo maana yetu ameyakalia.

Jioni ile ile mkwe akampigia mume wangu, si mimi. Nikasikia mume wangu anasema ehee, ehee, kumbe. Akatoka na bisibisi, akafungua kiti, akakuta waya mbili za ile swichi, akaziunganisha moja kwa moja kama alivyoelekezwa, na tangu hapo trekta halizimi tena. Mume wangu akacheka sana, akasema, "Unaona? Wewe ulikwenda kunywa soda, mkweo kanipa dawa kwa simu."

Dawa gani, mshauri. Majuzi nilimpelekea chakula shambani, nikamwona ameshuka trekta linaunguruma, amekwenda nyuma kuondoa nyasi zilizojisokota, na majembe bado yanazunguka, kwa sababu sasa hakuna cha kuyasimamisha, akateleza. Nilisikia kitambaa kinachanika kabla sijamsikia yeye. Suruali ilichanika kutoka pindoni mpaka juu ya goti, kama mtu aliyekata na mkasi, na mguu ukatoka na mchubuko tu, sijui kwa rehema gani. Mimi nilitupa sahani nikapiga kelele. Yeye alikaa chini kwenye matope, akajishika goti, halafu akaanza kucheka, akasema nimshonee suruali na nisimwambie mtu, hasa binti yetu, maana ana mimba na hatakiwi kushtuka. Kesho yake akapanda tena. Sasa kila nikisikia trekta lile roho inaniruka, na likinyamaza ghafla inaniruka zaidi, natoka mbio jikoni na mwiko mkononi.

Nilimwambia binti yangu kwamba nataka kwenda kwa meneja, sikumwambia kwa nini. Akalia, akasema, "Mama, mume wangu akifukuzwa tutakula nini na mtoto huyu anakuja? Ukienda kwa meneja usinihesabu tena." Mkwe mwenyewe siku hizi hapokei simu yangu. Mume wangu hataki kusikia neno, anasema trekta linalima, nataka nini tena. Na mimi ni mama mkwe, nikimfokea yule kijana watu watasema nimemvunjia heshima na kuvunja nyumba ya mwanangu. Suruali nimeificha chini ya godoro, sijaishona, mkono hautaki. Nifanye nini mshauri? Nidai haki yangu nimpoteze binti, au ninyamaze niendelee kukimbia na mwiko?

Mama Mkwe, Njia Panda


MSHAURI ANAJIBU

Mama mkwe mwenzangu, maana na mimi nina mkwe, na maneno yake ni matamu kuliko ya wako.

Barua yako sikuiacha isubiri gazeti. Nilipofika kwenye suruali niliacha kusoma, nikapiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha, nikakwambia nenda shambani sasa hivi kachukue ufunguo wa hilo trekta. Ukaniuliza, "Mume wangu atasema nini?" Nikakujibu aseme chochote anachotaka, mradi anakisema akiwa amesimama kwa miguu yake miwili. Ukacheka kidogo, ukalia, ukaenda. Hukukata simu, nami nikasikia injini ikizimwa. Aliyoyasema mumeo baada ya hapo mhariri hataki niyachapishe, lakini ufunguo unao, na usiutoe.

Sasa nikugombeze kidogo, kwa sababu umeniomba msaada, hukuniomba pole. Umeniandikia mambo ya binti na heshima ya ukweni na soda mbili, soda mbili mama!, halafu mguu wa mume wako umeupitia kama mtu anayesimulia habari za mvua. Umeanza barua kwa aibu yako, ukaishia kwa aibu yako. Hofu ulikuwa nayo tangu mwanzo, ndiyo iliyokutoa jikoni na mwiko, ila uliiweka nyuma ya mstari ili wakwe wapite kwanza.

Ile swichi haikuwekwa kuwasumbua wakulima. Imewekwa ili mtu akiinuka kwenye kiti, yale majembe yasimame kabla hajayafikia. Yenu ilikuja mbovu, na dawa ya swichi mbovu ni swichi nzima. Kuunganisha waya ni kuifanya mashine iamini kwamba kuna mtu kwenye kiti wakati mtu huyo yuko nyuma anachomoa nyasi. Na wewe baba mwenye nyumba, najua unasoma hapa kwa kuchungulia: kulima haraka si ushujaa. Mkeo ametupa chakula kizima kwenye matope kwa ajili yako, ukamcheka. Mwombe radhi.

Na yule mjane je? Barua nzima umemtaja mara moja, na wewe ndiye uliyempeleka dukani. Ana trekta kama lenu, kutoka kwa muuzaji yuleyule mwenye dawa za simu, na analima peke yake. Yeye akinaswa hakuna wa kupiga kelele. Ukishaweka gazeti hili chini nenda kwake, umuulize kama lake linazima, na kama limeacha kuzima umuulize nani alifungua kiti. Ikiwa naye ameunganishiwa waya, zima lake pia, na mwende gereji pamoja.

Ndiyo, gereji. Usipitie kwenye kiti cha wageni. Ingia mlango ule uliomkutia fundi, useme mimi ni mteja wenu, trekta langu liko ndani ya waranti, swichi ya kiti ni mbovu, na mfanyakazi wenu ametuelekeza tuiunganishe kwa waya. Sema yote, usimfichie mtu kipande. Usitaje ukwe hata kidogo, pale haukuhusu. Malalamiko yaandikwe mbele yako, wakupe nakala yenye mhuri na siku ya fundi kuja, aje shambani yeye, si nyinyi mkokote trekta mpaka mjini. Wakikwambia waranti imekufa kwa kuwa waya zimeguswa, wajibu kwamba zimeguswa kwa maelekezo yao, na simu ya mumeo inaonyesha nani alipiga. Wakigoma, nenda kwa kampuni inayowapa hilo duka matrekta, maana kampuni haipendi kusikia mashine zake zinachana watu suruali. Na shamba lisikusubirishe, kodisha ng'ombe wa jirani siku hizo chache, hata kama mumeo atanuna. Anajua kuwaongoza, hajasahau.

Binti yako nimemsikia, na ninamhurumia, lakini analilia jambo nusu. Anachojua ni kwamba mama anataka kumfukuzisha kazi mume wake. Hajui kwamba baba yake amekaa kwenye matope ameshika goti. Mwambie. Wajawazito wanapokea habari mbaya kila siku na watoto wanazaliwa, ila kumzika baba kwa sababu ya siri iliyokuwa na dawa, hilo hatakusamehe wewe wala huyo mumewe.

Na mkwe wako si mtu mbaya, ni mwoga. Anamwogopa meneja, na ni kweli anaweza kufukuzwa, sitakudanganya kwamba haitatokea. Lakini mtu aliyekwenda mwenyewe kwa bosi wake akasema nimekosea, ana nafasi. Aliyeletwa na mama mkwe na mjane mmoja mwenye hasira, hana. Hiyo nafasi unaweza kumpa wewe, nayo ndiyo heshima ya ukweni ninayoijua mimi. Ile ya kunywa soda na kutazama pembeni ni kuoneana haya tu.

Kwa hiyo ile suruali usiishone. Itoe chini ya godoro. Leo jioni mpigie mkwe wako kwa simu ya binti, hiyo atapokea, umwambie aje nyumbani na mkewe. Mkaribishe kwa heshima zote, mpe kiti kizuri. Badala ya soda mtandikie suruali ya baba mkwe wake mezani, uinyooshe vizuri, pindo mpaka goti, na usiseme kitu mpaka amalize kuitazama. Akiinua macho, mwambie hivi: "Mwanangu, kesho asubuhi naingia gereji kwenu. Njoo tuingie wote."