Mume Wangu Amekataa Kufundishwa Boti

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, safari yenyewe ni Julai na usingizi umenipaa. Mume wangu Haroub ni karani hapa Bandari ya Jeddah, na kwa kuwa mwaka huu mishahara imenona na kafili, mdhamini wake wa kazi, amempa likizo, amekodi boti ya mfereji huko Uingereza, ya kulala humo humo, sisi na watoto watatu ambao hakuna hata mmoja anayejua kuogelea, na boti haina nahodha, unaiendesha mwenyewe. Mwenye boti aliandika kwamba atamfundisha asubuhi ya kwanza ya safari, Haroub akamjibu hana haja, kisha sikukuu tulipokwenda Riyadh kwa kaka yake Jabir akajisifu mbele ya ukoo mzima, "Mtu wa Unguja afundishwe chombo na Mzungu? Tena kwenye mtaro!" Shemeji Jabir akasema, "Haya nahodha, usije ukapotea ukaibukia Makka kusiko na bahari," wakacheka, nami nikacheka, ilhali najua Haroub aliondoka Unguja mwaka 1964, miaka kumi na miwili sasa, akiwa mwanafunzi, na vyombo huviona kwa dirisha la ofisi. Nikisema, nimemwaibisha kwa nduguze. Nikinyamaza, nawatia wanangu majini.
Badriya, Jeddah

Badriya mwanangu, hofu yako ni ya haki, ila kicheko chako kimempa kichwa. Unahodha haurithiwi kwa kuzaliwa kisiwani. Boti hizo ni za chuma, ndefu, nzito, wala hazina breki. Mkono wa usukani ukiusukuma kushoto, boti huelekea kulia; hilo huzoeleka. Hatari iko penye vyumba vya maji: boti hufungiwa kati ya milango miwili, maji hupunguzwa, nayo hushuka mpaka mfereji wa chini. Chini ya mlango wa nyuma pana ukingo wa jiwe. Tako la boti likikwama juu yake huku maji yanashuka, boti huinamia mbele na kuzama. Huo si mtaro.

Usiseme mbele ya watu. Mkiwa wawili mwambie: "Baba watoto, milango nitafungua mimi, nami sijui. Mwandikie Mzungu atufundishe sote." Huo si ujanja, kazi ile ni ya watu wawili kweli. Na watoto wavae majaketi ya kuelea tangu wanapopanda.

Akikataa, halas, basi tena, wewe na watoto hampandi. Atanuna. Mume aliyenuna hubembelezwa, maji hayabembelezwi.