Koti la Fisi

Mjukuu wangu Neema, kamwene. Mama yako alisema jana kuwa hadithi yako imekamilika, ila unaogopa kuituma kwa kuwa imechipuka kwenye ya mwandishi mwingine. Sisi hapa Makambako tuko salama, baridi tumeizoea.

Ujanani niliandika kisa cha dalali wa mbao mwenye koti na njaa isiyoisha. Nilikitoa kwenye ngano ya fisi aliyotusimulia Mama Upendo, jirani yetu Kitandililo. Nilimsomea kwanza, angekataa, ningekichoma.

Akacheka. “Fisi wangu hajawahi kuvaa koti, we mtundu. Koti ni lako. Njaa ni yangu, useme ulikoitoa.”

Nikamtaja juu kabisa ya kisa, gazeti likakichapa.

Nawe mtaje mwandishi wako, utume. Shangazi yako anakuja huko Dodoma Jumamosi na parachichi. Mpe nakala yangu ya hadithi yako.

Babu yako