Usingizi wa Naila

Msimbu, Kisarawe
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Twalibu,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hujambo? Mkeo Hajra hajambo? Baridi ya Tunduma imeshaanza? Sisi huku wazima, ila goti langu, na hili la mwanenu Naila. Ningepiga simu, lakini wewe simu unaiweka spika, chumba kizima kinasikia. Bahasha nimeibandika kwa ugali. Ukiikuta imefunguliwa, niambie.

Mwalimu wa Naila aliniita shuleni. Mtoto anasinzia darasani tangu asubuhi, hasira juu juu, na kwa miaka yake saba karudia kukojoa kitandani. Ala! Na saa mbili usiku keshalala! Nikapeleleza. Kumbe akitoka shule anapitia kwa jirani yetu Bi Mwamini kula kashata. Mwamini yule yule! Kaka yetu Mwinjuma alikula mihogo kwake, akalala, hakuamka. Miaka kumi na moja hatumsalimii, hatumwitikii. Nikasema huyu kamaliza mmoja, sasa kamgeukia mtoto.

Nikatandika mkeka kando ya kitanda cha Naila, nimnase huyo mchawi anayemtumikisha usiku. Lo, mdogo wangu! Mtoto anakoroma kama mtu mzima, mdomo wazi, shingo kaipinda. Mara kimya. Pumzi hakuna. Nikaanza Ayatul Kursiyyu, sijafika katikati akashtuka, akavuta hewa kama aliyetolewa kisimani. Ikawa hivyo mpaka alfajiri, na hakuna mtu aliyekuja.

Kulipokucha nikampeleka hospitali Kibaha. Daktari mwenyewe binti mdogo, nikamtilia shaka naye, nikamuuliza kasomea wapi. Hakukasirika. Akamulika koo la Naila nijionee: mafindofindo yamevimba, yanakaribia kugusana, na nyuma ya pua kuna nyama. Akilala, njia ya hewa inaziba, basi usingizi wenyewe haupati. Wanataka kuyatoa tarehe ishirini, na lazima mzazi atie sahihi. Fomu iko humu. Twalibu, usiicheleweshe hata siku moja, mtoto anakatika pumzi.

Kisha akaniuliza nani mwingine katika ukoo anakoroma hivyo. Nikamtaja marehemu kaka yetu. Unakumbuka Mwinjuma? Anakoroma, mara ananyamaza, nasi tunacheka kwamba redio imeisha betri. Daktari anasema marehemu hawezi kumpima. Mimi naona aibu, mdogo wangu, kipimo au bila kipimo.

Naila anawasalimu, anataka kitenge cha Tunduma. Shangazi Yasmin anawasalimu. Said wa dukani anakuulizia kila siku, sijui anataka nini.

Na Bi Mwamini anakusalimu. Ndiyo, huyo huyo. Jana nilikwenda mlangoni kwake nikamwamkia. Aliendelea kukata kashata zake mpaka nikageuka niondoke. Ndipo akaitika marahaba, akaniuliza mtoto kalalaje.

Mola awalinde huko, alale na aamke kila mmoja wetu.

Dada yako akupendaye, pamoja na shaka zake,
Sikuzani